Usiseme "Haumo" Kabla Hujaiona Sakafu

Nimeendesha gari la kusambaza vifurushi Dar es Salaam kwa miaka minane sasa. Ni Canter yenye bodi ya boksi, milango miwili nyuma na mmoja mdogo ubavuni, na njia yangu haijabadilika tangu nianze. Natoka bohari Vingunguti, naingia Barabara ya Nyerere, nikifika TAZARA nakata kushoto kuishika Mandela. Nashusha Buguruni, nashusha Tabata, napita Ubungo, naingia Sinza na kutokea Mwenge, halafu naambaa na Barabara ya Bagamoyo: Makongo, Kawe, Mbezi Beach, Tegeta, Boko, hadi Bunju. Siku ya kawaida nabeba vifurushi kati ya 90 na 120. Sikukuu zikikaribia vinazidi 150.

Watu wakisikia kazi yangu hunipa pole ya foleni. Foleni ya Dar ni kubwa kweli, lakini kwenye foleni unakaa, unasubiri, inasogea. Kilichokuwa kinanimaliza mimi kilianza kabla sijawasha gari. Unafika saa 12 asubuhi, unafungua milango ya nyuma, unakuta mzigo umemwagwa. Hivyo ndivyo tunavyosema bohari kwetu, mzigo umemwagwa, hata kama umepanda hadi darini na hakuna boksi lililodondoka. Maana yake hakuna aliyefikiria nani atashuka kwanza. Bunju imekaa mlangoni. Buguruni, ambayo ni kituo cha kwanza, imezikwa ndani kabisa mgongoni mwa kebini. Gunia la mchele limekalia bahasha tatu. Ndoo ya asali imelazwa ubavu.

Kwa mwaka mzima na zaidi nilikuwa nafunga milango na kuondoka hivyo hivyo. Nilijiambia nitapanga huko huko njiani, kadiri nafasi itakavyopatikana. Ofisi ilikuwa inaandika saa ambayo kila gari linatoka getini, na anayetoka mapema alisifiwa mbele ya wenzake. Basi karibu kila siku nikawa wa kwanza kutoka, na wa mwisho kurudi.

Siku ya namna hiyo huenda hivi. Buguruni unapanda nyuma, unahamisha maboksi 15 ili ulipate moja. Yale 15 unayaweka wapi? Nje ni barabara ya watu. Ukiyashusha inabidi tandiboi ayalinde, na tandiboi anayelinda mzigo hapeleki mzigo. Unayapandisha juu ya mengine. Unampigia mwenye boksi, hapokei simu. Unalirudisha ndani, lakini tundu lake limeshazibwa. Tabata unaanza upya. Ukifika Sinza kila kitu umeshakigusa mara tatu na hujui tena kilipo hata kile ulichokiona asubuhi kwa macho yako. Mle ndani ni bati tupu, na jua la saa 8 mchana mwezi wa Februari unalijua. Mgongo unawaka. Simu inaita: "Kaka, uliniambia saa nne."

Halafu ikaja Ijumaa moja ya masika.

Mvua ilianza usiku. Jangwani maji yalikuwa yamejaa, barabara imefungwa, na magari yote yaliyozoea kupita kule yalihamia Mandela. Nilifika Sinza saa 9 alasiri. Pale karibu na Makaburini kuna fundi cherehani, mama wa makamo, ambaye alikuwa anasubiri bahasha ya lesi iliyotumwa kutoka Arusha. Ilikuwa ya gauni la bibi harusi, na harusi ilikuwa kesho yake. Alikuwa amenipigia tangu saa 3 asubuhi, kwa upole kila mara. Nilipanda nyuma nikiwa na simu mdomoni inanimulikia, nikatafuta kwa dakika 25. Nilisogeza nilivyoweza kusogeza. Trafiki akaja kugonga bodi, gari lilikuwa limeziba njia. Nikateremka nikamwambia yule mama: "Mzigo wako haumo, mama. Nadhani umebaki bohari."

Hakugomba. Alinitazama tu, akauliza: "Una hakika, mwanangu?"

Nikamjibu nina hakika.

Saa 3 usiku nilikuwa nafagia gari bohari. Bahasha ilikuwa pale sakafuni, kwenye kona ya ndani, imebanwa kati ya ukuta wa bodi na lile gunia la mchele la Bunju ambalo sikulisogeza kwa sababu lilikuwa zito. Kavu, haina hata mkunjo. Jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa. Nilimpigia palepale. Alikuwa ameshamtuma binti yake Kariakoo, Mtaa wa Congo, akanunua lesi nyingine kwa fedha zake. Rangi haikuoana sawasawa na kitambaa, na alikuwa ameshaanza kuishona. Akaniambia, "Basi niletee tu hata kesho kutwa." Nilikaa kwenye ngazi ya gari muda mrefu baada ya simu ile. Sikuwa nimemdanganya kwa kukusudia, lakini nilikuwa nimeapia kitu nisichokijua.

Tangu siku ile nilijiwekea sharti ambalo sijalivunja: neno "haumo" halinitoki mdomoni mpaka niwe nimeiona sakafu. Kama sakafu sijaiona, namwambia mteja ukweli wenyewe, kwamba mzigo sijauona bado, gari limejaa, na nikishamaliza Mwenge nitapekua tena na kumpigia. Wateja wengi huvumilia hilo. Wasichovumilia ni kuambiwa jambo kwa uhakika halafu likageuka. Yule fundi nilimsimulia sharti langu nilipompelekea bahasha. Hadi leo nikimwambia kitu chake hakijafika, huniuliza: "Sakafu umeiona?"

Jambo la pili nililolibadilisha ni ile nusu saa ya asubuhi. Mita chache nje ya geti letu kuna mwembe ambapo mafundi gereji huegesha magari. Nilianza kusimama pale kila ninapokuta mzigo umemwagwa, hata kama ofisi inaninong'onezea kwamba wenzangu wameshafika Ubungo. Mwanzoni nilikosea kwa upande mwingine, nikataka kupanga gari zima. Siku ya kwanza saa 2 na nusu ilinikuta bado niko Vingunguti, jasho linanitiririka, na nimepanga nusu tu. Nikaelewa kwamba gari lililojaa halipangiki. Hakuna pa kuweka unachokitoa. Kinachowezekana ni kutengeneza ujia, upana wa mtu mmoja aliyekaa upande, kuanzia mlango wa ubavuni hadi mlango wa nyuma. Ukishakuwa na ujia unaweza kuona, na ukiweza kuona nusu ya kazi imekwisha.

Kwa hiyo pale chini ya mwembe tunafanya mambo machache tu. Tandiboi anashika orodha, anasoma majina ya Buguruni na Tabata peke yake. Mimi natafuta hayo, nayasogeza kwenye mlango wa ubavuni. Vitu vidogo, yaani bahasha na vile vifurushi vya kiganjani ambavyo ndivyo hupotea, naviokota vyote popote nitakapoviona na kuvitia kwenye viroba, kila eneo na kiroba chake, nimevitundika ukutani kwa kulabu za chuma nilizochomelewa na fundi. Hakuna kitu kidogo kinachobaki juu ya kikubwa. Vizito naviacha vilipo, isipokuwa kama vimekaa vibaya kwa gari lenyewe. Kila boksi ninaloligusa naliandika kwa maka peni namba ya eneo lake, kubwa, kwenye uso unaonitazama mimi: Buguruni 1, Tabata 2, Ubungo 3, Sinza 4, Mwenge na Makongo 5, Kawe 6, Mbezi Beach 7, Tegeta 8, Boko na Bunju 9. Jina la mtu na la mtaa linaweza kugeukia chini, lakini namba naiona nikiwa mlangoni. Vilivyobaki navipanga kwa mara ya pili nikifika Mwenge, ambapo gari limeshapungua na kuna mahali pa kusimama. Dakika kumi zinatosha hapo, kwa sababu sasa kuna nafasi ya kuhamishia.

Nimesema vizito naviacha kama havijakaa vibaya kwa gari. Hili nalisisitiza kwa madereva vijana, maana nimeona wanavyoliacha. Mzigo mzito ukirundikwa nyuma ya ekseli ya nyuma, pua ya gari inainuka na usukani unakuwa mwepesi mkononi. Unadhani gari limekuwa laini, kumbe matairi ya mbele hayajakanyaga vizuri. Ukishika breki kwenye barabara yenye maji ndipo utakapoelewa. Na ukirundika uzito upande mmoja, kona ya kutoka barabara kuu kuingia mtaani gari linalala. Mizigo mizito ikae chini, ielekee mbele, igawanywe pande zote mbili. Ukikuta magunia matatu ya mchele wa Kyela yako mlangoni, yahamishe hata kama yatakula dakika zako kumi, na muwe wawili, magoti ndiyo yainame na mgongo ubaki wima. Mimi mgongo wangu niliutumia vibaya miaka miwili ya kwanza na ninaulipia hadi leo kila nikiinuka kitandani.

Vimiminika ni habari nyingine. Asali ya Tabora inapendwa sana mjini, na watu huituma kwenye ndoo za plastiki zilizofungwa kwa selotepu. Ndoo ikilala, selotepu hailindi kitu. Mara moja ilivuja juu ya katoni ya daftari za shule moja ya Kawe, na asali ikateremka hadi sakafuni, ikashika vumbi, ikashika karatasi, tukaosha gari siku mbili. Sasa kila kinachotikisika ndani nakisimamisha kwenye kona ya kushoto kwenye mlango wa ubavuni na kukifunga kamba, hata kama kinakwenda Bunju na kitanikera njia nzima. Afadhali kinikere nikiwa nakiona.

Kuna vurugu nyingine ambayo mpangilio wa gari peke yake hauwezi kuitibu, na hiyo ni majina. Dar kuna Mbezi Beach, iko Barabara ya Bagamoyo, na kuna Mbezi ya Barabara ya Morogoro, kule mbele ya Kimara ambako ndiko kilipo kituo kikuu cha mabasi cha Magufuli. Mtu wa Songea akimtumia ndugu yake mzigo anaandika "Mbezi" na namba ya simu, basi. Nimebeba vifurushi vingi vya Mbezi ile hadi Mbezi hii, nikagundua kosa nikiwa Tangi Bovu na saa 10 jioni imeshapita. Mwaka 2022 nchi nzima ilipowekewa anwani za makazi, nguzo za majina ya mitaa zikasimikwa na namba za nyumba zikabandikwa, nilifurahi sana, na kwa nyumba nyingi zimenisaidia kweli. Lakini mtumaji wa mkoani bado huandika alichokizoea: mkabala na sheli, nyuma ya msikiti, uliza duka la mangi. Kwa hiyo kila kilichoandikwa "Mbezi" tupu tunakipigia simu chini ya mwembe kabla gari halijaondoka. Swali ni moja: "Daladala yako unapandia wapi?" Mtu anaweza kukosea jina la mtaa wake, ila kituo cha daladala hakosei.

Hayo yote yalinipa nafuu. Nilianza kurudi saa 12 jioni badala ya saa 3 usiku. Lakini nilikuwa natibu tu. Kila asubuhi mzigo ulikuwa umemwagwa tena, na kila asubuhi nilikuwa nawasema makuli. Hawajali, hawana akili ya kazi, wanatupa tu. Maneno hayo niliyasema mbele ya tandiboi wangu na yeye akayachukua, akayasema kwa sauti zaidi.

Mwaka wa tatu niliomba nije usiku mmoja nione gari langu linavyopakiwa. Hakuna dereva aliyewahi kuomba hivyo, na sijui kwa nini mimi mwenyewe ilinichukua muda wote huo. Nilifika saa 4 usiku. Bohari lilikuwa na taa mbili tu zinazowaka vizuri. Makuli walikuwa sita, na mnyapara wao alikuwa mzee wa Ujiji, mwenye mwili mdogo, kofia ya sufi kichwani ingawa joto lilikuwa kali.

Neno mnyapara nalipenda. Lilikuwa la misafara ya karne ya 19, ile iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora hadi Ujiji na kurudi, ambapo kila kundi la wapagazi lilikuwa na mnyapara wake na kila mpagazi alijitwika kama frasila mbili, yaani kilo 30 na kidogo. Kariakoo yenyewe imepata jina lake kwenye Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mji huu umebebwa mabegani tangu zamani, na waliobeba hawakuwa wakiulizwa mzigo unakwenda wapi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Vipi dereva, gari bovu?"

"Gari zima. Nimekuja kuangalia mnavyopakia."

Akanitazama kidogo, akasema, "Angalia."

Nikaangalia. Mizigo ya mikoani ilikuwa inafuatwa kituo cha mabasi na kigari kidogo kinachokwenda na kurudi. Saa 4 ilikuwa imeshaingia ya Morogoro na Tanga, iliyofika jioni, na ilikuwa imeshapakiwa. Saa 5 ikaja ya Moshi na Arusha. Saa 6 kasoro ikaja ya Mbeya. Ya Mwanza, iliyotembea zaidi ya kilomita 1,100, ikaingia saa 8 usiku. Sakafu ya bohari haitoshi kuweka mizigo ya njia zote pamoja ikisubiri, kwa hiyo kila awamu lazima iingie magarini kabla ya awamu inayofuata. Karani anasoma, anaita "Bagamoyo Road!", na kuli mwenye boksi la kilo 40 begani anaingia kwenye gari langu na kuliweka pale penye nafasi. Malipo yao ni kwa gari lililojaa, siyo kwa saa. Na orodha yangu, ile yenye majina ya vituo kwa mfuatano, ile ambayo mimi niliiona kama msahafu wa siku, ilikuwa inachapwa ofisini saa 11 alfajiri. Wakati huo wao wameshanawa uso na kwenda nyumbani.

Nilisimama pale nikiwa na aibu. Kwa miaka mitatu nilikuwa nawalaumu watu kwa kutofuata karatasi ambayo hawajawahi kuiona.

Nikamuuliza yule mzee kama angeweza kuweka Bunju ndani na Buguruni mlangoni. Hakukasirika. Alisema: "Sisi tunaambiwa Bagamoyo Road. Ya mbele ipi, ya mwisho ipi, nani katuambia? Mimi Bunju sijawahi kufika."

Kitu kimoja nilikivuna usiku uleule, hata kabla hatujakubaliana lolote. Ule mzigo niliouita wa kumwagwa ulikuwa na mpangilio. Ulikuwa umepangwa kwa saa ya kufika. Kule ndani kabisa ni Morogoro na Tanga, juu na mbele yake ni Kaskazini, halafu Mbeya, na mlangoni ni Mwanza. Kesho yake mteja wa Kawe aliponipigia nikamuuliza tu, "Umetumiwa kutoka wapi?" Akasema Mwanza. Nilifungua mlango wa nyuma, nikanyoosha mkono, nikakuta kifurushi chake kwenye safu ya kwanza. Miaka mitatu nilikuwa nimechimba gari lile bila kujua kwamba lina matabaka.

Usiku uliofuata nilirudi na chaki. Nikachora mistari miwili kwenye sakafu ya mbao ya gari kabla halijapakiwa, nikaigawa vyumba vitatu. Chumba cha ndani nikaandika 7 8 9, cha kati 4 5 6, cha mlangoni 1 2 3. Nikampa karani kipande cha karatasi chenye maeneo tisa na namba zake, ili badala ya kuita "Bagamoyo Road" aite namba. Mtu mwenye boksi begani hana nafasi ya kusoma jina la mtaa, lakini namba akiisikia anaangalia chini na kujua pa kwenda. Mzee wa Ujiji alitazama michoro yangu akaniuliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria: mzigo wa Bunju ukija na basi la Mwanza saa 8 usiku, atapitaje kuufikisha ndani wakati mlangoni pameshajaa? Nikanyamaza. Yeye ndiye aliyechukua chaki mkononi mwangu akachora mstari wa tatu, mrefu, kutoka mlangoni hadi kwenye ukuta wa kebini. "Hapa pasiwekwe kitu," akawaambia vijana wake. Ulikuwa ule ujia wangu wa asubuhi, ameuweka usiku.

Ofisi hawakuupenda. Ujia unakula nafasi, na gari lenye nafasi wao wanaliona kama gari linalopata hasara. Nilikwenda na hesabu zangu za wiki mbili kwenye daftari: vifurushi vilivyorudi bohari bila kufika kwa mwenyewe kabla ya ujia na baada ya ujia, na saa za kurudi. Wakakubali, kwa sharti kwamba siku za sikukuu ujia unafutwa. Siku hizo narudi chini ya mwembe na kuanza kazi yangu ya zamani, na sinung'uniki, kwa sababu najua nilichokipata kwa siku nyingine.

Sikuwapa makuli fedha, na simshauri mtu afanye hivyo. Ukianza kulipa wewe, kesho asiye na kitu atapakiwa vibaya kwa makusudi. Nilichokuwa napeleka ni chupa ya chai ya tangawizi, mara moja au mbili kwa wiki, na habari. Niliwaambia jinsi siku ilivyokwenda: ndoo ilifika wima, yule wa Tegeta aliyesubiri dawa za mifugo alizipata saa 5. Walikuwa hawajawahi kusikia mzigo wao umeishia wapi. Mwezi mmoja baadaye kijana mmoja wao alianza kunitengea bahasha peke yake kwenye kiroba bila mimi kumwomba.

Mwaka 2023 mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku kucha, matabaka yangu yalibadilika yote. Mizigo iliyokuwa inafika jioni ikaanza kufika alfajiri, na mingine ikaja wakati magari yanajiandaa kutoka. Wiki tatu nilipotea kabisa ndani ya gari nililodhani nalijua. Nilikwenda tena usiku, mara nne, nikiandika saa ya kila awamu, mpaka nikaweza tena kumuuliza mteja ametumiwa kutoka wapi na kujua niingize mkono wapi.

Mwaka huu mzee wa Ujiji ameacha kazi. Magoti. Alipanda treni kurudi kwao, na siku ya mwisho alikuja asubuhi, saa ambayo huwa amelala, akapanda nami mbele hadi Bunju. Njia nzima alikuwa anataja namba kabla sijasimama: hapa nne, hapa saba. Bunju aliteremka, akasimama kando ya barabara akiangalia nikikabidhi gunia la mchele kwa mama mmoja mwenye genge. Alirudi garini bila kusema kitu.

Sasa bohari lina mnyapara mpya na vijana wapya watano. Jumatatu iliyopita nilifungua milango saa 12 asubuhi nikakuta Bunju iko mlangoni, gunia limekalia bahasha, na mistari ya chaki imefutika chini ya nyayo. Tandiboi wangu aliguna, akaanza kusema maneno yale ya zamani. Nikamwambia atulie, tukasogeza gari hadi chini ya mwembe. Usiku nilirudi nikiwa na chupa ya chai na vipande viwili vya chaki, nikamsalimu mnyapara mpya na kumwomba, kabla boksi la kwanza halijaingia, twende naye tuitazame sakafu.